Maombi, Kikombe na Kidonge: Somo la Samunge kwa Bonde la Yaeda

Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, ni bonde la Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa kuliko ya zahanati hupandishwa hadi Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway na ambayo leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kwa wakazi wengi wa eneo hili, sala na sindano ziliingia kwa mlango mmoja. Ndiyo maana swali la kumwuliza mgonjwa anayeamini uponyaji wa kiroho si kama aombe au asiombe. Swali lenye uzito ni hili: akishaambiwa kwamba amepona, dawa zake zitakuwaje?

Tanzania ililijibu swali hilo kwa gharama kubwa mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu, alisema kwamba Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa kutibu magonjwa sugu. Mizizi ya mti huo, mugariga, ilichemshwa, na kila mgonjwa akanywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa pamoja na Ukimwi, kisukari, saratani, pumu na kifafa. Watu walifika kwa maelfu, kutoka Tanzania na nchi jirani, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Zaidi ya watu 50 waliripotiwa kufa wakiwa safarini au wakisubiri zamu yao; baadhi yao walikuwa wametolewa wodini na ndugu zao ili wawahi kikombe.

Uchunguzi wa awali wa wataalamu wa serikali haukuona kwamba kinywaji hicho ni sumu kwa kipimo kilichotolewa. Wengi waliipokea taarifa hiyo kana kwamba imethibitisha uponyaji. Lakini kutodhuru ni jambo moja, na kuponya ni jambo jingine. Babu alifariki mwaka 2021, na hadi leo hakuna mgonjwa ambaye kupona kwake VVU kwa kikombe kumethibitishwa kwa vipimo. Hata hivyo, madhara makubwa hayakutoka ndani ya kikombe. Yalitoka katika safari ndefu ya watu mahututi na katika vidonge vilivyoachwa nyumbani.

Kwa nini ushuhuda huwa mwingi

Ni kosa kudhani kwamba wote wanaosimama kanisani kushuhudia ni waongo. Wengi husema kweli kuhusu walichokihisi. Magonjwa mengi sugu hupanda na kushuka, na mgonjwa huomba msaada yanapokuwa yamepanda. Nafuu ambayo ingekuja yenyewe huhesabiwa kuwa ni ya kile alichokifanya mwisho. Tena, matumaini na kuguswa na watu wanaompenda mtu hupunguza kweli maumivu, hofu na kukosa usingizi. Hata hivyo, matumaini hayashushi wingi wa virusi, wala hayayeyushi uvimbe wa saratani. Pia waliokufa hawarudi kushuhudia, na aliyezidiwa hukaa nyumbani.

VVU vina mtego wao. Anayetumia dawa vizuri hufikia hali ambapo virusi havionekani katika kipimo cha wingi wake. Akipewa majibu hayo baada ya mkesha wa maombi, ni rahisi kuamini kwamba virusi vimeondoka. Kumbe vimefubazwa na dawa na kujificha mwilini. Dawa zikiachwa, kwa kawaida huanza kuongezeka tena ndani ya majuma machache, ingawa mgonjwa anaweza kujiona mzima kwa miezi mingi. Kisukari kinachotegemea insulini hakitoi muda kama huo: kuacha sindano kunaweza kuua ndani ya siku chache.

Kifafa, fumbo la Mbulu

Katika eneo hili kifafa kinastahili kutazamwa peke yake. Tafiti zilizofanywa Haydom na sehemu nyingine za Mbulu zimeonyesha kwamba mabuu ya tegu la nguruwe ni chanzo muhimu cha ugonjwa huo. Anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika choo chake, na mtu yeyote akiyameza kwa mikono, maji au mboga zisizo safi, mabuu yanaweza kukaa katika ubongo wake, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Familia huona mtu akianguka, akitoa povu na kukakamaa, nayo husema ni pepo.

Kifafa pia huwa na vipindi vya utulivu. Kijana anaweza kukaa miezi miwili bila kuanguka, na maombi yakifanyika mwanzoni mwa kipindi hicho, muujiza huonekana dhahiri. Fenobabitoni ikikatizwa ghafla kwa sababu hiyo, degedege linaweza kurudi kwa mfululizo usiokoma, na hilo ni jambo la kufisha. Kabla hata ya kufikia hapo, moto wa jikoni na kisima humngoja anayeanguka.

Imani isiyoogopa kupimwa

Wapo wanaosema kwamba kupima ni kumjaribu Mungu. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo kuhusu wagonjwa. Katika Injili ya Luka, Yesu aliwaagiza wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua na kutangaza nani ametakasika. Mapokeo ya Kikristo humtaja Luka kuwa tabibu. Huko Lourdes, Ufaransa, ofisi ya madaktari imechunguza taarifa za uponyaji tangu mwaka 1883. Huuliza kama ugonjwa ulithibitishwa kabla, na kama kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili, kwa kudumu na bila kuelezeka kwa tiba. Kati ya maelfu ya taarifa, Kanisa Katoliki limetambua takriban 70 tu kuwa miujiza.

Sayansi nayo imejaribu kuyapima maombi. Mwaka 2006 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Kati ya wale ambao hawakuwa na uhakika kama wanaombewa, walioombewa na wasioombewa walipata matatizo karibu sawa, asilimia 52 na 51. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo asilimia 59. Utafiti huo hauwezi kuhukumu kama Mungu yupo. Unachoonyesha ni kwamba maombi hayawezi kuandikwa mahali pa dawa.

Kazi ya mhudumu na ya mchungaji

Mhudumu anayemdhihaki mgonjwa wa namna hii hampati tena kliniki. Afadhali aulize kwa heshima: “Mama, mbali na dawa hizi, ni wapi pengine unapata msaada?” Akijibiwa kwamba ni kwenye maombi, aitikie bila kukunja uso, kisha waafikiane mambo matatu. Maombi yaendelee. Dawa ziendelee vilevile. Na yeyote anayeamini kwamba amepona aje apimwe kabla ya kuacha hata dozi moja. Aliyepona kweli hapotezi chochote kwa kupimwa; asiyepona anaokoa maisha yake.

Wachungaji na wainjilisti wa bonde wana sauti ambayo zahanati haina. Neno moja la mimbarini, kwamba kumeza kidonge si upungufu wa imani, hufika kwenye boma ambalo mhudumu wa afya angelifikia kwa siku nzima ya kutembea. Inafaa kuwaalika kwenye vikao vya afya vya kata, waelezwe dalili za hatari na wapewe nafasi ya kuuliza. Mchungaji anayemwekea mgonjwa mikono kichwani, kisha akamwuliza tarehe yake ya kurudi kliniki, anakuwa amemhudumia mara mbili.