Kiti cha Kati Kwenye A220

Ukikata tiketi ya Air Tanzania ukaambiwa utapanda Airbus A220, usikikimbie kiti cha kati. Kabini ya ndege hiyo ina viti viwili upande wa kushoto na vitatu upande wa kulia, na walioichora walijua kwamba anayekaa katikati ya watatu ndiye anayeonewa: hana dirisha, hana njia, na viwiko vya jirani vinambana huku na huku. Wakamfidia. Kiti chake kina upana wa sentimita 48 hivi, kinavizidi vya majirani kwa sentimita moja na kidogo. Kwa safari ya saa moja na nusu hadi Mwanza, mabega yanaijua tofauti hiyo.

Kwenye Dash 8 Q400, ile ambayo wengi mikoani wanaiita bombadia, tatizo hilo halipo kabisa kwa sababu viti ni viwili kwa viwili. Kwenye Boeing 737 MAX 9 ni vitatu kwa vitatu. Kwenye Dreamliner, daraja la kawaida, ni vitatu mara tatu. Kila ndege imechorwa kwa safari ya aina yake, na shirika linapokosea kuoanisha ndege na safari, hasara huanzia hapo, hata kama kila kiti kina mtu.

Chukua Songea. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 580 kwa mstari ulionyooka. Dash 8 hukata kilomita 650 hivi kwa saa, jeti kama A220 kilomita 830. Piga hesabu: jeti itaitangulia Dash kwa dakika kama kumi na mbili tu. Muda huo huo unaweza kupotea uwanjani mkisubiri begi la mwisho lishushwe. Wakati huohuo pangaboi kama Dash husukuma hewa nyingi kwa upole, ilhali jeti huifyatua kwa kasi kubwa, na kwa safari fupi upole huo huokoa takriban theluthi ya mafuta. Dash pia haihitaji njia ndefu ya kurukia. Ndiyo maana inafika Bukoba, Mpanda, Kigoma na Tabora bila kusubiri kila mkoa ujengewe uwanja mkubwa.

Kwa hiyo naumia ninapomsikia abiria akilalamika kwamba mkoa wake umedharauliwa kwa kupelekewa pangaboi. Ndege yenye viti 76 inayokuja kila siku ina manufaa zaidi kwa Songea kuliko jeti ya viti 132 inayokuja mara mbili kwa wiki. Mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara wanahitaji siku ya kurudi kama wanavyohitaji siku ya kwenda. Kelele za panga zipo, sikatai. Omba kiti kisicho kwenye mstari wa panga na utapumua.

Shirika la Air Tanzania (ATCL) limepitia mengi kabla ya kufika hapa. Lilizaliwa Machi 1977 baada ya East African Airways kusambaratika, likarusha Boeing 737-200 na Fokker za pangaboi. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa; mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika na serikali ikalichukua tena. Ilipofika Septemba 2016, Dash mbili mpya zilipotua Dar es Salaam, ilikuwa karibu kama kuanza upya. Dreamliner ya kwanza ikafuata Julai 2018, na A220 ya kwanza Desemba mwaka huohuo. Ndege hizi zilinunuliwa na serikali, ATCL ikawa inazikodi kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Mpangilio huo una uzito wake: ndege iliyolala kodi yake hailali.

Na ndege ambayo hairuhusiwi kulala kabisa ni Dreamliner. Ina viti 262, 22 vikiwa vya daraja la biashara, na thamani yake ni ya kutisha. Ukiipeleka Mwanza, kilomita 850, itatumia sehemu kubwa ya siku kupanda, kushuka na kuegeshwa, wakati ilijengwa ikae juu saa kumi mfululizo. Magurudumu na breki huchakaa kwa kila mruko, si kwa kila kilomita. Ruka na tua mara nne kwa siku na unakula mapema maisha uliyoyalipia. Guangzhou, zaidi ya kilomita 8,500, ndiyo safari yake halisi. Mumbai, ambako ilianza kwenda Julai 2019, ni karibu nusu ya hapo.

Lakini nani atajaza viti 262 kwenda Guangzhou? Wafanyabiashara wa Kariakoo peke yao hawatoshi kila wiki. Hapa ndipo njia za jirani zinapoonyesha kazi yake. Mnunuzi wa Lubumbashi, wa Ndola, wa Lusaka na wa Hahaya kule Ngazija naye anatafuta bidhaa China, na mgonjwa wa Bujumbura anatafuta hospitali India. Wakifika Dar es Salaam saa mbili au tatu kabla ya ndege kubwa kuondoka, wanaijaza. Wakifika saa moja baada ya kuondoka, watapita Addis Ababa au Nairobi, na hutawaona tena. Sisi tunaopanga ratiba tunajua kwamba kusogeza safari ya Ndola kwa dakika arobaini kunaweza kuokoa au kuua safari ya China. Kwenye ramani ya njia mistari hiyo inaonekana imetengana, kumbe ni mto mmoja na vijito vyake.

Kwa safari za katikati kuna 737 MAX 9, viti 181, inayofaa umbali kama wa Dubai, karibu kilomita 4,000. Mizigo nayo ina ndege yake tangu Juni 2023, Boeing 767 yenye uwezo wa kubeba tani 54.

Jeraha kubwa limekuwa injini. A220 hutumia injini za Pratt & Whitney ambazo baadhi ya vipuri vyake vilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, duniani kote, na injini za akiba zikawa adimu. ATCL ikajikuta na ndege karibu mpya zimeegeshwa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akalitaja jambo hilo katika ripoti zake. Shirika lenye ndege mia moja hufunika pengo la ndege mbili. Shirika lenye ndege kumi na chache hufuta safari, na abiria wa Mpanda hulala Dar es Salaam kwa sababu ya kipuri kilichokwama ng'ambo. Kabla ya kununua ndege nyingine, ningependa kuona injini ya akiba na karakana iliyoshiba vipuri. Kisha kuna mlango wa Ulaya: Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kwenye anga zake kwa sababu za usalama. Kuufungua kunategemea ukaguzi na kumbukumbu za matengenezo, si aina ya ndege.

Turudi ndani ya kabini. Mwili wa Dreamliner umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hazichoki kwa mgandamizo wala hazishiki kutu. Kwa sababu hiyo hewa ya ndani huwekwa kama ya mita 1,800 juu ya bahari hata ndege ikiwa mita 12,000. Abiria yuko kama aliyeketi Mbeya mjini. Ndege nyingi za zamani humweka kwenye mita 2,400, juu kuliko Njombe, na kichwa huanza kugonga. Wapishi wa Mbeya wanajua maharage yao huchelewa kuiva kwa sababu maji huchemka kabla ya nyuzi 95. Chai ya angani ina shida hiyohiyo. Ukavu wa hewa nao hupunguza ladha ya chumvi na sukari, ndiyo maana mchuzi wenye nyanya na viungo huvumilia zaidi angani kuliko kuku mweupe.

Chakula hufuata saa. Kwenda Guangzhou unakula mlo kamili, kwenda Mwanza ni kinywaji na kitafunwa. Wahudumu hufuata hesabu nyingine: angalau mmoja kwa kila viti 50, maana kazi yao ya kwanza ni kuwatoa watu. Ndege haipewi kibali mpaka ithibitishwe kwamba waliomo wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Dar es Salaam hadi Unguja ni dakika kama ishirini hewani, hapana muda wa kumimina hata maji. A220 ikienda huko, bado inaruka na wahudumu watatu.