Ridhaa ya Mshiriki katika Utafiti wa Afya Unaotumia Akili Unde ya Data Anuwai

Ikisiri

Makala haya yanafafanua masuala ya kimaadili yanayozuka pale utafiti wa afya unapotumia akili unde yenye uwezo wa kuchanganua picha, sauti na maandishi kwa pamoja. Kwa kutumia mfano wa uchunguzi wa kifua kikuu, yanaonesha jinsi ridhaa, faragha na lugha ya mshiriki zinavyoathirika data za aina mbalimbali zinapounganishwa. Mwishoni yanatoa mapendekezo manne kwa kamati za maadili ya utafiti na washauri wa sera katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tabibu mzoefu hategemei dalili moja. Husikiliza kikohozi, hutazama picha ya eksirei, huuliza ugonjwa ulianza lini, kisha hupatanisha yote aliyoyapata. Akili unde ya data anuwai huiga utaratibu huo: hupokea data za aina tofauti kwa wakati mmoja na kutoa jibu moja.

Programu zilizotangulia zilishughulikia aina moja tu ya data. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza programu za kompyuta za kusoma eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, watafiti wamefunga simu kwenye hadubini ili kamera yake isaidie kutambua vimelea vya malaria. Januari 2024 WHO ilitoa mwongozo mahususi kuhusu modeli kubwa za data anuwai. Kwa hiyo suala hili si la kesho. Limekwisha kufika mezani kwa kamati zetu.

2.0 Data Zinapounganishwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anayekohoa kwa wiki tatu anafika katika kituo cha afya cha mpakani. Anaridhia kupigwa eksirei kwa ajili ya utafiti. Mradi mwingine unarekodi kikohozi chake. Maelezo yake yameandikwa katika kumbukumbu za kituo. Kila data ikiwa peke yake, na jina likiwa limeondolewa, huenda isimfichue. Zikiunganishwa, tarehe ya kufika, jina la kituo, umri na sauti yake vinatosha kumtambulisha kwa jirani yeyote anayemfahamu. Katika jamii ambamo kifua kikuu bado kinahusishwa na fedheha, kutambulika huko kunaweza kumgharimu ndoa au kazi.

Isitoshe, data hubeba mambo ambayo binadamu hayaoni. Utafiti ulioongozwa na Judy Gichoya, uliochapishwa mwaka 2022, ulionesha kwamba modeli za akili unde ziliweza kubaini mbari ya wagonjwa kutokana na picha za eksirei pekee, jambo ambalo wataalamu wa radiolojia hawawezi kulifanya kwa kuzitazama. Funzo lake ni kwamba kufuta jina si sawa na kumficha mtu, na kwamba modeli inaweza kuwabagua wagonjwa kwa kigezo ambacho mtafiti hakukusudia kukiingiza.

3.0 Ahadi ya Kujitoa

Fomu nyingi za ridhaa zina sentensi hii au inayofanana nayo: mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote. Katika utafiti wa kawaida ahadi hiyo hutekelezeka. Jalada huondolewa na sampuli huteketezwa. Katika akili unde hali ni tofauti. Data inaweza kufutwa kwenye hifadhi, lakini kile ambacho modeli imekwisha kujifunza kutokana nayo kimesambaa katika mamilioni ya thamani za ndani, na kukiondoa kikamilifu bila kuifunza modeli upya ni vigumu mno. Mshiriki anayesainishwa sentensi ile bila maelezo ya ziada ameahidiwa jambo ambalo mtafiti hana uwezo wa kulitimiza. Huo ni udanganyifu, hata kama haukukusudiwa.

4.0 Lugha ya Mgonjwa

Maandishi nayo yana mtego wake. Neno "homa" kwa wengi nchini Tanzania ni joto la mwili, na mara nyingi humaanisha malaria. Nchini Kenya aghalabu ni mafua. Neno "degedege" haliishii kwenye mtukutiko wa mtoto. Limebeba imani kuhusu chanzo na mahali pa kutafuta tiba. Modeli iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza inaweza kuyatafsiri visivyo maneno hayo, kisha ikayatolea hukumu. Kosa la tafsiri huingia kimyakimya na kutoka likiwa na sura ya uamuzi wa kisayansi. Ndiyo maana ubora wa modeli hauna budi kupimwa kwa masimulizi ya wagonjwa wenyewe, katika lahaja zao.

5.0 Mapendekezo na Hitimisho

Sheria za kulinda data zipo: Kenya na Uganda zilitunga zake mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Hata hivyo, sheria hulinda data kwa ujumla. Tafsiri yake katika chumba cha ridhaa ni kazi ya kamati za maadili. Tunapendekeza kwamba:

(a) ridhaa iombwe kwa kila aina ya data, na iombwe tena kabla ya kuziunganisha;

(b) fomu itaje wazi hatua ambayo baada yake kujitoa hakutaondoa kile ambacho modeli imejifunza;

(c) modeli ijaribiwe kwa makundi yote itakayowahudumia, na matokeo ya kila kundi yatolewe peke yake, kwa kuwa wastani mzuri unaweza kuficha madhara kwa wachache;

(d) Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Bujumbura, ishirikiane na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, kusanifu istilahi za fomu za ridhaa.

Pendekezo la mwisho lisidhaniwe kuwa la wanaisimu pekee. Mama wa mfano wetu hawezi kuridhia jambo asiloweza kulitaja kwa lugha yake. Pale istilahi inapokosekana, hubaki saini tu, na saini peke yake si ridhaa.