Utumbo Usiosukuma
Mtoto mchanga akipitisha siku mbili bila kutoa choo chake cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, tumbo likamvimba na kutapika nyongo, yamkini ana maradhi aliyoyaeleza tabibu Harald Hirschsprung wa Copenhagen mwaka 1886, ambayo asili yake ni kukosekana kwa chembe za neva katika sehemu ya mwisho ya utumbo, hata ikawa haisukumi kitu. Humpata takriban mtoto 1 katika kila 5,000, na tiba yake ni kisu.

Swenson wa Marekani, mwaka 1948, alitangaza njia ya kuikata sehemu hiyo na kuuteremsha utumbo wenye neva hadi karibu na tundu la haja; kazi barabara, ila yataka mkono mwangalifu, kwani neva za kibofu zi jirani. Duhamel, Mfaransa, mwaka 1956 aliibakiza puru akaupitisha utumbo nyuma yake. Naye Soave, Mtaliano, aliubambua utando wa ndani tu, akaupenyeza utumbo katika ala ya misuli iliyosalia.

Ipi bora? Kwa rai yangu, ile aliyoizoea mpasuaji, maana hakuna iliyowaepusha watoto wote na kufunga choo, kujichafua, wala uvimbe wa ghafla wa utumbo, ambao huweza kuua hata baada ya upasuaji. Basi mzazi aonapo homa, tumbo kujaa na kuhara kwenye uvundo, asingoje asubuhi.