Kocha kashinda, mbona kaondoka?

Familia zetu za Ghuba zinalijua vizuri neno mkataba. Ukifika mwisho, hata kama kazi uliifanya kwa moyo, wa kuamua ni mwenye kazi. Mpira nao ndivyo ulivyo, na ushahidi ni Mircea Rednic, beki wa Romania aliyegeuka kocha.

Habari zake zilizuka tukiwa Brussels, stesheni ya Gare du Nord, ambayo Waflemi huiita Noordstation. Pale utawakuta Wamoroko, Waturuki na Wakongo, na mabasi ya safari ndefu za Ulaya husimama hapohapo nje. Mimi na mjukuu wangu tulikuwa tukingoja treni ya Liège, mwendo wa kama saa moja. Yeye kazaliwa hukohuko Ubelgiji na ni shabiki wa Standard Liège, kwa hiyo kungoja kwetu kukawa darasa la mpira.

Rednic alizaliwa 1962. Alianzia Corvinul Hunedoara, akahamia Dinamo ya Bucharest, na mwaka 1984 timu hiyo ikafika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, ikatolewa na Liverpool. Aliichezea timu ya taifa mechi 83, akiwamo katika Kombe la Ulaya la 1984 na Kombe la Dunia la 1990 kule Italia. Baada ya kupita Uturuki, mwaka 1991 akaingia Standard, na 1993 klabu ikachukua Kombe la Ubelgiji.

Alipokuwa kocha, alitwaa ubingwa wa Romania na Rapid mwaka 2003, kisha na Dinamo mwaka 2007. Oktoba 2012 Standard wakamwita kuiokoa timu iliyokuwa ikiyumba. Akaiweka sawa, msimu ukaisha wamepata nafasi ya kucheza Ulaya. Mashabiki wakampenda. Lakini mwenye klabu, Roland Duchâtelet, hakumwongezea mkataba. Mashabiki wakaandamana, wakapiga kelele, wapi! Uamuzi haukubadilika.

Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, sasa kama kashinda, mbona kaondoka?"

Swali zuri, na jibu lake si jepesi. Maana kocha aliyemfuata, Guy Luzon, naye alifanya vizuri: msimu uliofuata Standard walimaliza wa pili nyuma ya Anderlecht. Kwa hiyo huwezi kusema mwenye klabu alikuwa hajui kitu. Mtu anaweza kufanya kazi safi, na mwenye mali akachagua njia nyingine, na mambo yakaenda.

Nyinyi wa Imarati mnaye wa kwenu wa kumtazama: Cosmin Olăroiu, naye Mromania, naye alikuwa beki. Aliipa Al Ain ubingwa mara mbili mfululizo, 2012 na 2013, kisha Al Ahli ya Dubai 2014 na 2016, na mwaka 2015 akawafikisha fainali ya Mabingwa wa Asia. Mwaka 2020 alitwaa ubingwa wa China na Jiangsu Suning. Miezi michache baadaye, Februari 2021, klabu yenyewe ikasimamisha shughuli zake! Bingwa hana timu. Hata hivyo Sharjah wakamchukua, na Mei 2025 akawapa Ligi ya Mabingwa Asia ya Pili.

Na Rednic? Mwaka huohuo wa 2013 Gent wakamchukua, tena palepale Ubelgiji. Baadaye Mouscron nao wakamwita, akawanusuru wasishuke daraja. Waliomwita walikuwa wameiona kazi yake kwa macho yao.

Hilo ndilo nililomjibu mjukuu wangu: kiti ni cha mwenye klabu, ila ujuzi ni wako, unaondoka nao. Wazee walisema ujuzi hauzeeki. Vijana wetu wengi wa Muscat, Dubai na Doha wanaishi kwa karatasi ya miaka miwili miwili, na mkataba usipoongezwa huona kama wamevunjiwa heshima. Wazazi, waambieni mapema kwamba si lazima iwe hivyo. Wausome mkataba kabla ya kutia saini, waweke akiba kazi ingali ipo, na siku ya kuondoka wakabidhi ofisi ikiwa safi. Atakayewaita kesho huenda yuko mtaa wa pili, anawatazama.