Hifadhi ya Miswada ya Thoreau

Miswada ya mwandishi wa maumbile ni fasihi, tena ni ushahidi. Henry David Thoreau wa Concord, Marekani, aliandika shajara tangu 1837 hadi 1861, akibainisha humo siku maua yalipochanua. Mwaka 1906 wachapishaji walitoa seti 600 za maandishi yake, kila moja ikitiwa karatasi ya mswada halisi. Karatasi hizo zikatawanyika. Madaftari mengi ya shajara yalisalimika: yalinunuliwa na J. P. Morgan mwaka 1909, na mwaka 2017 yakaonyeshwa New York na Concord. Kwa kumbukumbu zake, wanasayansi wamethibitisha kwamba maua ya Concord huchanua mapema kuliko zamani. Maonyesho hufunua ukurasa mmoja; ushahidi hukaa katika mfululizo mzima, nao ndio upasao kuhifadhiwa.