Mkusanyaji na Mwandishi: Desturi za Wasuaheli na Wajibu wa Kimaadili katika Uchapishaji wa Kitaaluma

Ikisiri

Makala hii inachunguza wajibu wa kumtambua mwandishi katika uchapishaji wa kitaaluma kwa kurejelea Desturi za Wasuaheli (1903), kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, lakini kilichojulikana kwa jina la Carl Velten. Hoja yetu ni kwamba kuficha jina la mwandishi ni dhuluma na pia ni kosa la kitaaluma, kwa kuwa humnyima msomaji sehemu ya data.

1.0 Utangulizi

Maadili ya uchapishaji huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni kanuni ngeni zilizoletwa na majarida ya sayansi. Ni kweli kwamba miongozo inayotajwa zaidi ina asili hiyo. Wahariri wa majarida ya tiba walianza kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliundwa Uingereza mwaka 1997. Hata hivyo, taaluma ya Kiswahili ina kesi yake yenyewe, tena kongwe kuliko miongozo hiyo. Kesi hiyo inatoka Bagamoyo.

2.0 Kitabu kimoja, majina matatu

Carl Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1893 hadi 1896, kisha akafundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye alifundisha katika seminari hiyo kuanzia mwaka 1900. Mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli ilichapishwa Göttingen, na tafsiri yake ya Kijerumani ikatoka mwaka huohuo. Kitabu kinaeleza malezi, jando, ndoa, ngoma, pepo, utumwa, madeni na sheria. Jina lililokitambulisha madukani na maktabani lilikuwa la Velten, aliyetajwa kuwa mkusanyaji.

Mwaka 1965 Lyndon Harries alichapisha uteuzi wa matini hizo kwa Kiingereza na Kiswahili. Anwani yake ndogo iliziita matini zilizokusanywa na Velten. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya J.W.T. Allen ilipoyaita maandishi hayo, katika anwani yenyewe, kuwa ni Desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Ilichukua miaka 78 jina la mwandishi kufika mahali pake, na hao “wengine” bado wamebaki bila majina katika anwani hiyo.

3.0 Je, tunamhukumu Velten kwa sheria za leo?

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba si haki kumpima mtu wa mwaka 1903 kwa kanuni zilizoandikwa baada yake. Pingamizi hili lina uzito, lakini linadhoofishwa na mambo mawili.

Kwanza, Velten mwenyewe alijua namna nyingine ya kufanya. Katika Safari za Wasuaheli, aliyoitoa mwaka 1901, kila safari ina jina la aliyeisimulia, na Mtoro yumo pamoja na Salim bin Abakari, aliyeeleza safari yake ya Urusi na Siberia. Safari ilionekana kuwa na mwenyewe; desturi zikaonekana kuwa mali ya kabila zima, zinazohitaji mtu wa kuziokota tu.

Pili, utamaduni wa maandishi ya Kiswahili ulikwisha kuwa na kipimo chake. Ni kawaida ya mtunzi wa utenzi kujitaja katika beti za mwisho, kutaja mji wake au mwaka wa kutunga, na kuomba radhi kwa makosa. Mwana Kupona aliyatimiza hayo katika utenzi wake wa mwaka 1858. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia vita vya pwani hiihii, umechapishwa kwa jina la mtunzi wake, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, na Allen akatajwa kuwa mfasiri. Kumtaja mwenye kazi, kwa hiyo, hakukuwa jambo geni katika Mrima.

4.0 Jina la mwandishi kama data

Madhara ya kulificha jina hayaishii kwa mwenye jina. Kitabu kinaposomwa kama mkusanyiko wa Velten, msomaji huelekea kukichukua kuwa picha ya Waswahili wote, kutoka Lamu hadi Kilwa. Kinaposomwa kama kazi ya Mtoro kwa kiasi kikubwa, kinakuwa ushahidi wa mtu mmoja, Mwislamu msomi wa Bagamoyo, mwenye mtazamo wake juu ya waungwana, watumwa na watu wa bara. Mwanaisimu anayechukua sentensi zake kuwa mfano wa Kiswahili cha Mrima anahitaji kujua hayo, kama anavyohitaji kujua ni wapi mhariri alirekebisha tahajia au msamiati.

Mwandishi huyo pia alikuwa na maisha. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata, alipotaka kurejea nyumbani pamoja na mkewe, mamlaka za koloni ziliwazuia. Alirudi Ujerumani, akaendelea na kazi ya lugha, na akafia Berlin mwaka 1927. Wasifu aliouandika Ludger Wimmelbücker ulichapishwa Dar es Salaam mwaka 2009.

5.0 Wajibu wa majarida leo

Kwa vigezo vya kikundi cha Vancouver, kukusanya data peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Lazima ashiriki pia katika kuandika, aidhinishe nakala ya mwisho na akubali kuwajibika. Kwa kipimo hicho, matini iliyoandikwa na mtafitiwa inapaswa kubeba jina lake, na mtafiti atajwe kwa kazi aliyoifanya: kuhariri, kufasiri au kufafanua.

Ugumu uko kwenye usiri. Itifaki nyingi za utafiti hutaka majina ya watafitiwa yafichwe, na ni sawa pale ambapo kutajwa kunaweza kuwadhuru. Lakini manju anayetoa wimbo aliotunga mwenyewe akiandikwa “mtafitiwa namba nne” hajalindwa, amenyang'anywa. Ridhaa iulize maswali mawili: je, unakubali kushiriki, na je, unataka kutajwa? Mhariri adai majibu ya yote mawili kabla ya kupokea makala, na msomaji wa mapitio aulize kila matini ilikotoka na nani aliyeirekebisha.

6.0 Hitimisho

Velten aliyahifadhi maandishi ambayo huenda yangepotea, na shukrani hiyo anastahili. Hata hivyo, kuhifadhi kazi hakumpi mhifadhi umiliki wake. Jarida linalochapisha matini za pwani lina wajibu wa kuitenganisha kazi ya mkono uliokusanya na ya mkono uliotunga, na kuzitaja zote mbili kwa majina yao.