Hatua za Nuru

Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, hapa Tabora, mwezi Novemba. Leo habari za Dar es Salaam hutufikia kwa nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Mimi nilidhani kinachotakiwa ni leza yenye nuru kali tu. Nuru kali yasaidia, lakini haitoshi. Mitambo ya kwanza iliwasha na kuzima nuru. Mitambo mipya ya masafa marefu huweka habari hata katika hatua ya wimbi: limetangulia au limechelewa? Wimbi likijikwaa lenyewe, mpokeaji husoma uongo. Na leza hujikwaa, maana ndani yake chembe nyingine za nuru huzaliwa ovyo, kama wapagazi wasiofuata ngoma ya msafara.

Dawa ya kwanza ni kurefusha njia ya nuru kati ya vioo vya leza. Nuru ikikawia humo, wazembe wachache hawauyumbishi msafara. Schawlow na Townes walieleza hesabu yake mwaka 1958, na leza ya kwanza ilikuwa haijatengenezwa bado!

Dawa ya pili iko kwa mpokeaji. Yeye hulinganisha alama nyingi zilizofuatana, akakadiria hatua zimepotoka kiasi gani, kisha akazirudisha. Lakini leza ikijikwaa upesi mno, alama jirani hazifanani tena katika kosa lao, na hesabu hiyo haifai kitu.